Fungua Boneti Kwanza: Mwongozo wa Kununua Gari la Juu la Familia Lililotumika

Ukiingia yadi ya magari Dar es Salaam, kitu cha kwanza utakachosifiwa ni namba. "Bosi, hii namba E, haijamaliza hata mwaka barabarani." Herufi za kibao zimegeuka kipimo cha upya wa gari, na wapo wanaoongeza fedha ya maana kwa sababu ya herufi moja tu. Herufi hiyo inakwambia gari liliandikishwa lini Tanzania, basi. Harrier iliyotoka kiwandani mwaka 2006, ikakaa Japani hadi ikachakaa, kisha ikashuka bandarini juzijuzi, itavaa namba E kama nyingine yoyote. Pembeni yake inaweza kusimama ya mwaka uleule yenye namba C, iliyolelewa na mtu mmoja anayemwaga oili kwa wakati. Hiyo ya pili ndiyo ningemwambia ndugu yangu achukue.

Sura ya gari hupambwa. Rangi hupigwa upya, viti huvalishwa kava, taa hung'arishwa, kilomita hurudishwa nyuma kwa kifaa kinachoingia mfukoni. Lakini kuna vitu vitatu ambavyo kuvipamba ni kazi ngumu zaidi: oili ya injini, kulanti ya rejeta na haidroliki ya giaboksi. Humo ndimo tabia ya mmiliki wa jana inamoonekana. Nayaandika haya kwa ajili ya mtu mwenye familia anayetafuta gari la juu la ukubwa wa kati, yaani Harrier, X-Trail, Forester, CR-V, RAV4, Vanguard na mengine ya kundi hilo, na ambaye hataki kuuza kiwanja mwakani ili kulifufua.

Hesabu watu, kisha tazama injini

Anza na watu watakaopanda. Harrier, Forester na X-Trail ya kizazi cha T31 ni magari ya watu watano. Mwenye watoto wanne, au watoto wawili pamoja na bibi yao na dada wa nyumbani, atafute Vanguard ya viti saba, Kluger yenye safu tatu, au Outlander. Vanguard ni RAV4 iliyorefushwa, iliyouzwa Japani kuanzia 2007 hadi 2013. Ujue tu kwamba safu ya tatu katika magari haya ni ya watoto, na ikiwa imesimamishwa, nyuma hapabaki nafasi ya mabegi. Familia inayokwenda Moshi au Bukoba kila Desemba ikiwa imejaa itahitaji keria ya juu, au gari kubwa zaidi.

Sasa injini. Harrier ambayo mtaani inaitwa tako la nyani ni kizazi cha pili, kilichoanza 2003. Inayoitwa Anaconda ni kizazi cha tatu, kilichoanza mwishoni mwa 2013. Usiishie kwenye majina hayo. Soma namba ya chesisi. ACU30 ni tako la nyani ya lita 2.4 inayovuta kwa magurudumu ya mbele, ACU35 ni hiyohiyo inayovuta kwa manne. MCU30 ni V6 ya lita 3.0, GSU30 ni ya lita 3.5. ZSU60 ni Anaconda ya lita 2.0. Dalali akikwambia "hii ni 2.4, haili mafuta" na chesisi ikaanza na MCU, umeshajua mazungumzo yanaelekea wapi.

Injini ya lita 2.4 inaitwa 2AZ-FE, na ndiyo iliyomo pia kwenye Vanguard, Kluger, RAV4 na Alphard nyingi. Hilo ni jambo jema, maana spea zake zimejaa Kariakoo na Ilala na kila fundi ameshaifungua. Ila ina magonjwa mawili unayopaswa kuyafahamu. Kwanza, baadhi yake hula oili kwa sababu ya ringi za pistoni. Gari halitoi moshi wa kutisha, ila kila ukipima unakuta oili imepungua. Pili, nyuzi za bolti za silinda hedi, upande wa nyuma wa injini, hulegea ndani ya bloku ya alumini. Kulanti inaanza kuvuja kidogokidogo mahali usipopaona, na siku moja injini inachemka barabarani. Magonjwa yote mawili hayaonekani ukizunguka gari kwa dakika tano. Yanaonekana kwa kupima oili na kulanti, na nitaeleza namna yake.

X-Trail T31, ya kuanzia 2007 hadi 2013, ni pana, ina buti ya maana, na mara nyingi bei yake iko chini ya Harrier ya umri huohuo. Imeshuka bei kwa sababu watu wanaiogopa giaboksi yake ya CVT, nitakayoieleza mbele, na woga huo una msingi. Hata hivyo T31 iliyobadilishiwa haidroliki kwa wakati ni gari zuri la familia, na mnunuzi mvumilivu hupata mali kwa bei nafuu. Ukibahatika kukuta ya gia za mkono, usiipite haraka.

Forester inapendwa sana Kenya, na huku kwetu wapenzi wake wanaongezeka. Silinda zake zimelala ubavu, jambo linaloipa utulivu kwenye kona na kumpa fundi kazi ya ziada akitaka kubadilisha plagi. Zenye injini ya EJ20 hutumia mkanda wa taimingi unaopaswa kubadilishwa kila kilomita 100,000. Ukikatika, vali hugonga pistoni na injini imekwisha. Zenye FB20, zilizoanza kuingia mwishoni mwa 2010, hutumia cheni. Muulize muuzaji mkanda ulibadilishwa lini, na kama hana risiti, weka gharama hiyo kwenye bei. Ya turbo waachie wanaomjua fundi wa Subaru kwa jina.

CX-5 ya dizeli ya lita 2.2 ina nguvu na hunywa kidogo, lakini kichujio cha masizi kwenye ekzosi yake kinahitaji safari ndefu ili kijisafishe. Kama kazi ya gari ni kupeleka watoto shule kilomita tatu na kurudi, chukua ya petroli.

Haibridi zinahitaji neno moja la ziada. Betri kubwa hupozwa na feni inayovuta hewa kutoka ndani ya gari, karibu na kiti cha nyuma. Vumbi letu na manyoya ya zulia huziba tundu hilo, betri inapata joto na kufa mapema. Lichungulie tundu hilo kabla ya kununua, na ukishanunua lisafishe. Watoto wasilizibe kwa mabegi.

Kuhusu mafuta, fanya hesabu badala ya kusikiliza hadithi. Ukitembea kilomita 1,000 kwa mwezi, gari la kilomita 9 kwa lita litakunywa lita 111. La kilomita 12 kwa lita litakunywa 83. Zidisha tofauti hiyo ya lita 28 kwa bei kikomo inayotangazwa na EWURA kila mwezi, kisha mara miezi 12. Utajua kama V6 ni yako au ni ya jirani.

Kodi inavyopanda

Anayeagiza mwenyewe kutoka Japani asome kodi kabla ya kusoma matangazo. TRA haitumii bei uliyolipa wewe. Ina thamani zake ndani ya kikokotoo cha magari yaliyotumika, kilicho wazi kwenye tovuti yake. Chukua mfano wa gari lililothaminiwa milioni 10 pamoja na nauli ya meli na bima, lenye umri unaozidi miaka 10 na injini ya lita 2.4. Ushuru wa forodha wa asilimia 25 unalifikisha milioni 12.5. Juu ya hizo unatozwa ushuru wa bidhaa asilimia 10 kwa sababu injini inazidi cc 2,000, na asilimia 30 nyingine kwa sababu ya uzee. Umefika 17.5. Ukiweka VAT ya asilimia 18, jumla ni milioni 20.65, bado tozo ndogondogo, wakala wa forodha na usajili.

Gari lenye thamani hiyohiyo, lakini la lita 2.0 na umri chini ya miaka 8, linaishia takriban milioni 15.5. Lenye umri wa miaka 8 hadi 10 hutozwa asilimia 15 ya uzee. Ndiyo maana gari changa lenye bei kubwa kule Japani huweza kukaribiana na zee likishafika hapa, na wengi hawalijui hilo kwa sababu wanalinganisha bei za kwenye tangazo. Viwango huguswa na bajeti ya kila mwaka, kwa hiyo fungua kikokotoo siku unayotaka kulipa. Kenya mambo ni tofauti: gari lililozidi miaka 8 tangu lilipoandikishwa mara ya kwanza haliruhusiwi kuingia, na mnunuzi anayetaka la zamani atalitafuta humohumo nchini.

Karatasi ya mnada

Magari mengi tunayoletewa kutoka Japani yamepitia mnadani, na kila lililopita huko lilikaguliwa na kuandikiwa karatasi. Mwombe muuzaji karatasi hiyo. Juu yake kuna alama ya jumla: 5 na 4.5 ni magari safi sana, 4 ni zuri, 3.5 ni la kawaida lenye makovu ya matumizi. R au RA maana yake gari liliwahi kupata ajali na kutengenezwa. Ndani hupewa herufi kuanzia A hadi D. Kisha kuna mchoro wa gari wenye herufi ndogondogo: A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni alama za kunyooshwa na kupigwa rangi, S ni kutu, C ni chuma kilicholika, na XX ni kipande kilichobadilishwa. Namba inayofuata herufi inaonyesha ukubwa wa tatizo.

Mimi ningechukua 3.5 yenye karatasi halisi na kuacha "4.5" isiyokuwa na karatasi. S na C zikiwa nyingi chini ya gari, jihadhari: maeneo ya theluji ya Japani, Hokkaido hasa, humwaga chumvi barabarani wakati wa baridi, na chumvi hiyo hula chesisi, mabomba ya breki na vishikio vya shokapu. Gari likishapakwa rangi nyeusi chini, kutu haionekani tena, ila inaendelea na kazi yake. Gonga kwa bisibisi. Chuma kizima kina mlio mkali, kilicholiwa kina mlio wa kufifia na huacha vipande mkononi.

Tazama pia hati ya Kijapani ya kulitoa gari nchini kwao kwa ajili ya kuuzwa nje. Humo huandikwa kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi wa serikali. Zikiwa kubwa kuliko za dashibodi, hakuna cha kujadili.

Asubuhi, injini ikiwa baridi

Mwambie muuzaji asiliwashe gari mpaka ufike. Ukifika, kabla salamu hazijaisha, weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa na joto, gari limewashwa makusudi ili mlio wa kuwasha injini baridi usiusikie. Rudi kesho, au achana nalo.

Boneti ikiwa baridi, ifungue. Vuta kijiti cha kupimia oili, kifute, kirudishe, kivute tena. Oili nyeusi si dhambi, ni oili iliyofanya kazi. Unachotafuta ni kiwango na uzito. Kiwango kilicho chini ya alama kwenye gari linalouzwa leo kina maana moja kati ya mbili: mwenyewe hajali, au gari linakula oili. Oili mpya kabisa na nzito mno nayo ina lake. Injini hizi za Kijapani zimeundwa kwa oili nyepesi ya 0W-20 au 5W-30. Mtu akimimina 20W-50 kwenye injini iliyochoka, moshi hupungua na kelele hutulia kwa siku kadhaa, muda unaotosha kuuza. Oili hiyohiyo nzito huchelewa kufika juu kwenye vali na kwenye mfumo wa VVT-i. Fungua kifuniko cha kujazia oili, tazama upande wake wa ndani. Ute wa rangi ya maziwa maana yake maji yanaingia kwenye oili. Tope jeusi lililoganda maana yake oili haikumwagwa kwa muda mrefu sana.

Nenda kwenye rejeta. Injini ikiwa baridi, na hapo tu, fungua kifuniko. Kulanti ya Toyota ni ya pinki, za wengine ni za kijani au buluu. Ukikuta maji yenye kutu, hapo tulia, maana huu ndio ugonjwa wetu mkubwa. Kwa miaka mingi mafundi wetu wamezoea kutoa thermostati wakiamini hapa hakuna baridi, na kujaza maji ya bomba. Injini isiyo na thermostati haifikii joto lake la kazi, inakunywa mafuta zaidi, na oili inachafuka haraka. Maji ya bomba nayo hula alumini ya silinda hedi kutoka ndani. Kwenye 2AZ-FE, ambayo tumeshaona udhaifu wake, maji yenye kutu yananitosha kusema hapana, labda bei ishuke hadi kufikia gharama ya injini nyingine.

Sasa weka ufunguo, usiwashe. Taa zote za dashibodi ziwake: ya injini, ya oili, ya betri, ya ABS, ya eabegi. Taa ya injini isipowaka hatua hii, kuna mtu ameing'oa au ameiziba, na amefanya hivyo kwa sababu. Washa. Sikiliza sekunde tatu za mwanzo: mlio wa chuma kugongana unaotoweka upesi ni cheni ya taimingi iliyolegea au oili inayochelewa kupanda. Mwache mwenzako atazame ekzosi. Liache gari lingurume dakika kumi bila kuguswa, kisha kanyaga mara moja. Moshi wa buluu hapo ni oili inayoungua. Moshi mweupe mzito usioisha hata injini ikipata joto ni kulanti.

Kuja na mashine ya kusomea kompyuta ya gari ni muhimu, na fundi mwenye nayo hakosekani. Mwambie asitosheke kuona "hakuna kosa". Muuzaji anaweza kufuta makosa yote nje ya geti. Aangalie kama vipimo vya ndani vya gari vimekamilika. Kompyuta iliyofutwa leo asubuhi itaonyesha kwamba bado haijamaliza kujipima, na gari litahitaji kutembea siku kadhaa kabla ya kumaliza. Ukikuta hivyo, uliza kilichofutwa ni nini.

Mengine nayapitia haraka. Mwanya kati ya milango, boneti na bampa uwe sawa pande zote. Bolti za mabawa ya mbele zisiwe na rangi iliyokwanguka. Raba za milango zisiwe na vumbi la rangi. Vuta mkanda wa usalama mpaka mwisho wake: tope au doa la maji huko ndani ni gari lililozama mafuriko, hata kama zulia limefuliwa likanukia. Tairi zina tarehe ubavuni, tarakimu nne. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi zilizozidi miaka sita utazibadilisha hata kama kashata zake bado ndefu, na seti ya 225/65R17 inayotumiwa na mengi ya magari haya si bei ya mchezo. Kwenye Forester ya magurudumu manne, tairi zote ziwe za saizi na uchakavu mmoja, la sivyo mfumo wa kati unaogawa nguvu utaungua.

Giaboksi ipewe muda

Watu wengi huzunguka mtaa mmoja, wakasema "gari imetulia", wakalipa. Giaboksi haisemi ukweli ikiwa baridi. Omba angalau dakika arobaini, na sehemu ya safari iwe kwenye foleni, sehemu kwenye mlima.

Anza palepale gari lilipoegeshwa. Kanyaga breki, toka P kwenda R, subiri, kisha D. Mshtuko mkubwa, au ukimya wa sekunde mbili kabla gia haijashika, ni dalili mbaya. Kwenye tako la nyani ya lita 2.4 giaboksi ni ya kawaida ya gia nne, imara sana ikitunzwa, na haidroliki yake ya T-IV inapaswa kuwa nyekundu. Ikiwa ya kahawia na inanuka kuungua, kuna sahani zimeanza kuisha.

CVT ni jambo jingine, kwa X-Trail, Anaconda ya lita 2.0 na Forester za karibuni. Haina gia za kubadilika. Ina mkanda wa chuma, au cheni kwenye Subaru, unaobanwa kati ya puli mbili. Kinachoulinda ni haidroliki ya aina yake pekee: NS-2 kwa T31, NS-3 kwa T32, Toyota CVT Fluid FE kwa Anaconda. Akija fundi akakwambia "haidroliki ni haidroliki", mshukuru na uondoke na gari lako. Ukijaza ya giaboksi ya kawaida, mkanda unateleza, unajikwangua, na chembe za chuma zinasambaa kila mahali. Barabarani, sikiliza mtetemo ukiwa kati ya kilomita 20 na 40 kwa saa, mlio wa kuvuma unaopanda na mwendo, au injini inayopandisha mizunguko huku gari halisogei kwa kasi hiyo. T31 iliyochoka, ikipanda mlima mrefu wakati wa joto, hujipunguzia nguvu yenyewe ili kujiokoa. Muuzaji atasema ni mafuta machafu. Si mafuta.

Mimi ningebadilisha haidroliki ya CVT kila kilomita 40,000 kwa mtu wa foleni ya Dar, hata kama kuna anayedai kwamba giaboksi hiyo imefungwa milele.

Eabegi za miaka hiyo

Hili linazungumzwa kidogo mno katika nchi zetu. Kampuni ya Takata ya Japani ilitengeneza eabegi kwa karibu kila kiwanda kikubwa cha magari, na makumi ya mamilioni ya magari yakaitwa kurudishwa duniani kote. Kampuni yenyewe ikafilisika mwaka 2017. Kosa lilikuwa kwenye kemikali inayopuliza mfuko, amonia naitreti, ambayo ikikaa miaka mingi kwenye joto na unyevu huharibika. Siku ya ajali hulipuka kwa nguvu kupita kiasi na kuirusha chupa yake ya chuma vipandevipande usoni mwa dereva au abiria.

Joto na unyevu wa miaka mingi ndiyo hali ya hewa ya Tanga, Dar es Salaam, Zanzibar na Mombasa. Miongoni mwa yaliyoguswa ni CR-V, X-Trail ya T30 na Forester za miaka fulani, na gari lililotolewa Japani kabla ya eabegi kubadilishwa halikufuatwa na mtu. Ingia ukurasa wa Kijapani wa kiwanda husika unaohusu magari yaliyoitwa kurudishwa, andika namba ya chesisi, tumia tafsiri ya kivinjari kusoma jibu. Kazi hiyo inachukua dakika tano na ni bure. Jibu likionyesha kwamba gari bado linadaiwa kurudishwa, wasiliana na wakala rasmi wa kampuni hiyo nchini kabla ya kulipa chochote kwa muuzaji. Fundi wa kijiweni asiiguse eabegi hiyo kabisa. Kifaa hicho ni mlipuko uliofungwa.

Na taa ya eabegi kwenye dashibodi, ile uliyoitazama ukiweka ufunguo, iwake na izime yenyewe baada ya sekunde chache. Kama haikuwaka kabisa, yumkini eabegi zilifumuka kwenye ajali, zikakunjwa au kutupwa, na kifuniko kikashonwa upya.

Kadi na fedha

Jina lililo kwenye kadi ya gari liwe la mtu aliyesimama mbele yako, na kitambulisho chake cha NIDA kiwe mkononi. Likiwa na jina la benki pembeni, gari ni dhamana ya mkopo na halijawa la kuuzwa. Linganisha namba ya chesisi kwenye kadi na iliyogongwa kwenye bodi, tarakimu kwa tarakimu. Ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa polisi wa faini za barabarani, na kwenye mfumo wa TIRA uone bima ipo na ni ya aina gani. Ukiambiwa "kadi iko kwa mama Arusha, lipa nusu kwanza", jibu kwamba utalipa siku mama atakapoituma.

Mkataba uandikwe kwa wakili, fedha zipite benki, na umiliki ubadilishwe TRA wiki hiyohiyo. Kwa Kenya, ni kitabu cha gari na akaunti za wote wawili kwenye mfumo wa NTSA. Gari linaloendelea kuwa na jina la mtu mwingine si lako, hata ukilala ndani yake.

Mwezi wa kwanza

Katika bajeti yako tenga fedha ya kufanyia kazi gari kabla halijafika nyumbani. Mwaga oili ya injini na weka ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Safisha mfumo wa maji, rudisha thermostati kama ilitolewa, jaza kulanti halisi. Badilisha haidroliki kwa aina yake. Chujio la hewa, la oili na lile la kiyoyozi lililojificha nyuma ya kisanduku cha dashibodi, yote mapya. Hilo la mwisho wengi hawajui lipo, na ndilo linalochuja hewa wanayovuta watoto. Breki zifunguliwe zitazamwe. Bushi na stabilaiza zinazogonga si za haraka, isipokuwa boli joint za chini, ambazo zikiachia gurudumu hulala barabarani.

Kwa gari lenye thamani hii nakushauri bima kubwa kwa miaka ya mwanzo, kisha uamue.

Halafu jizoeze jambo moja. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, kabla gari halijawashwa, vuta kijiti cha oili, tazama tangi la akiba la kulanti, na uandike kiwango pamoja na kilomita kwenye daftari linalokaa ndani ya gari. Kulanti ikishuka miezi miwili mfululizo bila tone lolote chini, peleka gari kwa fundi likapimwe presha ya mfumo wa maji, ukimwambia aanze kutafuta nyuma ya silinda hedi. Oili ikipungua zaidi ya lita moja ndani ya kilomita 2,000, usizoee kuongeza tu. Fundi aanze na uvujaji wa nje na vali ya PCV, ambayo ni rahisi na huponya magari mengi, kabla ya kuzungumzia kufungua injini.